Jumuiya ya Nchi za Kiarabu na Nguvu ya Kiti

Machi 2013, wakuu wa nchi za Kiarabu walipokutana Doha, Moaz al-Khatib, kiongozi wa muungano wa wapinzani wa Syria, aliitwa aje kuketi kwenye kiti cha nchi yake, na mezani pakawekwa bendera ya wanamapinduzi yenye nyota tatu badala ya bendera ya serikali ya Damascus. Ukumbi ulimpigia makofi. Mwaka uliofuata, Kuwait, kiti hicho hicho kilibaki kitupu. Mei 19, 2023, Jeddah, alikikalia tena Bashar al-Assad, mtu yule yule ambaye serikali yake ilisimamishwa uanachama Novemba 2011 kwa kuwamiminia risasi raia wake. Katika muda huo zaidi ya nusu ya Wasyria walikuwa wamehama makwao, mamia ya maelfu walikuwa wamekufa, na masharti aliyopewa mwaka 2011, yaani kuondoa vifaru mitaani, kuwaachia wafungwa na kuzungumza na wapinzani, yalikuwa bado hayajatimizwa. Mwaka na nusu baadaye, Desemba 2024, Assad mwenyewe alikimbilia Moscow na kiti kikapata wakaaji wengine.

Naanza na kiti hicho kwa sababu hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi kile ambacho Jumuiya ya Nchi za Kiarabu inaweza na kile isichoweza. Jumuiya hii yenye wanachama 22 na makao yake pembeni mwa Uwanja wa Tahrir, Cairo, haina jeshi, haina mahakama, wala haina njia ya kumlazimisha mwanachama kutimiza alichokitia saini. Ilicho nacho ni uwezo wa kusema nani anastahili kuketi na nani hastahili, nani ni serikali na nani ni kundi tu la watu wenye madai. Uwezo huo si mdogo kama wengi wanavyodhani, lakini pia si ule ambao mwananchi wa kawaida huutarajia anapowaona viongozi wake wamejipanga mbele ya kamera kupiga picha ya pamoja.

Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili, kuanzia mabaraza ya Mji Mkongwe na Mombasa hadi kwa jamaa zetu walioko Muscat, mikutano hii hufuatiliwa kwa karibu, hasa Gaza inapowaka moto. Mtu hupita barazani akauliza, "Wamesema nini huko?" na mzee aliyekaa karibu na redio hujibu kwa neno moja: "Wamelaani." Jibu hilo lina uchungu ndani yake, na uchungu huo ni wa haki. Hata hivyo naona kwamba lawama nyingi zinazotupiwa Jumuiya hii zinapelekwa mlango usio wake, na kwamba watetezi wake nao wanaitetea kwa sababu zisizo sahihi.

Ili kulielewa jambo lenyewe ni lazima turudi kwenye mkataba. Oktoba 1944 wajumbe wa Misri, Iraq, Syria, Lebanon na Transjordan walitia saini Itifaki ya Alexandria, ambayo ilikuwa na meno kidogo, kwa kuwa ilisema wazi kwamba haitaruhusiwa kwa namna yoyote nchi mwanachama kufuata sera ya nje itakayoidhuru Jumuiya au nchi nyingine mwanachama. Miezi mitano baadaye, Machi 22, 1945, mkataba wenyewe ulipotiwa saini Cairo, sentensi hiyo haikuwamo. Iliondolewa kwa sababu kila mmoja alikuwa na hofu yake. Lebanon ilihofia kumezwa na Syria. Saudia na Misri zilihofia kwamba wafalme wa ukoo wa Hashimiya waliotawala Iraq na Transjordan wangeutumia umoja huo kujipanulia himaya. Syria, iliyokuwa bado inang'ang'ana kuwatoa Wafaransa, haikutaka kukabidhi uhuru ambao ilikuwa haijauonja sawasawa. Ukaandikwa mkataba mfupi wa ibara 20, na ndani yake mna ibara mbili ambazo, kwa maoni yangu, zinaeleza karibu kila kitu kilichotokea baada ya hapo.

Ibara ya 7 ilisema kwamba uamuzi uliopitishwa kwa kauli moja utawafunga wanachama wote, bali uamuzi uliopitishwa kwa wingi wa kura utawafunga wale tu walioukubali. Ibara ya 8 inaitaka kila nchi iheshimu mfumo wa utawala uliopo katika nchi nyingine na isichukue hatua yoyote ya kuubadilisha. Ukizisoma pamoja, utaona kwamba waasisi hawakuunda serikali ya Waarabu wala hawakukusudia kuiunda. Waliweka uzio kati ya shamba na shamba, wakakubaliana kusalimiana juu ya uzio huo. Anayeilaumu Jumuiya kwa kushindwa kuwaunganisha Waarabu anailaumu kwa kuvunja ahadi ambayo haikuitoa.

Hoja za wakosoaji, pamoja na hayo, ni nzito, na hazifutiki kwa kusoma ibara mbili. Mwaka 1950 wanachama walitia saini mkataba wa ulinzi wa pamoja unaosema kwamba shambulio dhidi ya mmoja wao ni shambulio dhidi ya wote. Agosti 1990 Iraq iliivamia Kuwait, yaani mwanachama alimmeza mwanachama, na viongozi walipokutana Cairo siku chache baadaye kura za kuunga mkono kupeleka majeshi Saudia zilikuwa 12 tu kati ya 21. Katibu Mkuu wa wakati huo, Chedli Klibi wa Tunisia, alijiuzulu mwezi uliofuata. Kuwait ilikombolewa na majeshi yaliyoongozwa na Marekani. Machi 1, 2003, huko Sharm el-Sheikh, viongozi walitangaza kwamba wanapinga kabisa kushambuliwa kwa Iraq na kwamba nchi zao hazitashiriki. Mwezi huo huo majeshi ya nchi kavu yaliingia Iraq yakitokea Kuwait, na kituo cha kuviongoza vita kilikuwa Qatar. Machi 2015, Sharm el-Sheikh tena, walikubaliana kuunda jeshi la pamoja la Waarabu, na ilipofika Agosti utiaji saini wa itifaki yake ukaahirishwa, na jeshi hilo halijaonekana hadi leo.

Uchumi nao hauna habari ya kufurahisha sana. Eneo huru la biashara la nchi za Kiarabu lilianza mwaka 1998, na ushuru wa forodha uliondolewa rasmi Januari 1, 2005, lakini biashara ya Waarabu wao kwa wao imebaki takriban sehemu ya kumi ya biashara yao yote na dunia. Kuna msemo wa Waarabu wenyewe, unaotajwa kila mkutano unapokaribia, kwamba Waarabu wameafikiana kutoafikiana. Mwaka 2016 hata Morocco, iliyopaswa kuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu, ilikataa kuuandaa, ikieleza kwamba haikuona matayarisho ya maamuzi yenye uzito na kwamba mkutano ungekuwa fursa ya kutoa hotuba tu. Mauritania ikaupokea mzigo huo mjini Nouakchott.

Lililoumiza zaidi, hasa kwa wale wanaoiona Palestina kama kipimo cha kila kitu, ni Septemba 2020. Falme za Kiarabu na Israel zilikuwa zimetangaza kufungua uhusiano wa kibalozi, na Wapalestina wakapeleka kwenye kikao cha mawaziri rasimu ya azimio la kulaani hatua hiyo. Rasimu haikupita. Palestina, ambayo zamu yake ya kuongoza vikao ilikuwa imefika, ikaisusa nafasi hiyo. Wakosoaji wanauliza, na swali lao halijibiki kwa urahisi: ikiwa chombo hiki hakiwezi hata kulaani pale kulaani kunapomgusa mwanachama tajiri, kina kazi gani?

Watetezi wana majibu, na baadhi yake ni ya kweli kuliko wapinzani wanavyokubali. La kwanza linatoka Kuwait hiyo hiyo, miaka 29 kabla ya uvamizi wa Saddam Hussein. Juni 1961 Kuwait ilipopata uhuru, Abdul Karim Qasim wa Iraq alitangaza kwamba ni sehemu ya nchi yake, na Waingereza wakarudisha askari haraka kuilinda. Jumuiya iliipa Kuwait uanachama mwezi uliofuata, kisha ikapeleka kikosi cha Waarabu kilichochukua nafasi ya Waingereza na kukaa huko hadi mwaka 1963. Iraq haikuvamia. Kilichofanya kazi pale kilikuwa kiti kwanza, yaani kuitambua Kuwait kuwa nchi, na askari wakaja nyuma ya kiti. Vivyo hivyo mwaka 1974 huko Rabat, viongozi walipokitambua Chama cha Ukombozi wa Palestina kuwa mwakilishi pekee halali wa Wapalestina, jambo lililomuudhi sana Mfalme Hussein wa Jordan, haikupita hata wiki tatu Yasser Arafat akawa amesimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, New York. Haikufyatuliwa risasi wala haikutumika senti, lakini kuanzia siku hiyo hakuna serikali iliyoweza kuzungumzia Palestina kana kwamba ni suala la wakimbizi peke yake.

Naongeza jambo ambalo watu wa magazeti hulipita mbio kwa kuwa halina picha za kusisimua. Chini ya mwavuli wa Jumuiya kuna taasisi zinazofanya kazi kimyakimya. Ya elimu, utamaduni na sayansi iliundwa mwaka 1970, na makao yake sasa yako Tunis. Ya setilaiti, Arabsat, iliundwa mwaka 1976 na kurusha setilaiti yake ya kwanza Februari 1985. Mfuko wa Fedha wa Waarabu uko Abu Dhabi. Inayotuhusu sisi moja kwa moja ni Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Barani Afrika, inayojulikana kwa kifupi cha BADEA, iliyoamuliwa katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiarabu huko Algiers Novemba 1973, wakati nchi nyingi za Afrika zilipokuwa zikivunja uhusiano na Israel. Benki hiyo ni mali ya serikali za Kiarabu lakini inakopesha nchi za Afrika zisizo za Kiarabu, na mtu anayesafiri kwa gari Pemba leo huenda anapita juu ya lami iliyolipiwa na mikopo yake bila kujua kwamba ilizaliwa katika moja ya mikutano ile ile tunayosema haizai kitu.

Hapa inafaa tuwe waangalifu, maana taasisi inayotajwa mara nyingi kuwa imefanikiwa kuliko zote ni Baraza la Mawaziri wa Mambo ya Ndani, lenye makao yake Tunis. Mawaziri hao hukutana kila mwaka, hubadilishana taarifa na majina ya watu wanaotafutwa, na mwaka 1998 mkataba wa Kiarabu wa kupambana na ugaidi ulipitishwa Cairo bila mvutano wa aina ile tunayoiona kwenye masuala mengine. Watetezi wa haki za binadamu wamelalamika kwa miaka mingi kwamba tafsiri ya ugaidi katika mkataba huo ni pana mno kiasi cha kumnasa mwandishi na mpinzani pamoja na mhalifu. Sitaki kuingia katika kila kesi. Ninachokiona ni kwamba pale serikali zote 22 zinapokuwa na maslahi ya pamoja, yaani usalama wa serikali zenyewe, mashine hii inazunguka vizuri sana bila kutu. Kwa hiyo anayesema Waarabu hawawezi kushirikiana amekosea. Wanaweza, na wameonyesha wanaweza. Swali ni wanashirikiana kumlinda nani.

Libya ya mwaka 2011 ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu kila upande huitumia kama ushahidi wake. Februari 22 mwaka huo Jumuiya iliizuia Libya ya Muammar Gaddafi kuhudhuria vikao vyake, na Machi 12 ikaliomba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lipige marufuku ndege za kijeshi kuruka katika anga ya nchi hiyo. Siku tano baadaye Azimio namba 1973 likapita. Ni vigumu kuamini kwamba Urusi na China zingejizuia kutumia kura ya turufu bila ombi hilo la Waarabu wenyewe. Anayesema chombo hiki ni debe tupu ajiulize basi ni debe gani hilo lililofungua anga ya nchi nzima kwa karatasi moja. Lakini mabomu yalipoanza kuanguka, Katibu Mkuu Amr Moussa alilalamika kwamba kinachofanyika si kile walichokiomba, na hapo ndipo ulipoonekana upungufu wenyewe: Jumuiya ilikuwa na uwezo wa kuufungua mlango, haikuwa na uwezo wa kuamua nani apite, na haikuwa na mpango wowote wa siku ya pili. Libya iliachwa igawanyike mashariki na magharibi, huku wanachama wenyewe wakichagua kila mmoja upande wake wa kuupelekea msaada.

Syria ilikuja miezi michache baada ya Libya, na kwa muda ilionekana kana kwamba kuna kitu kimebadilika. Wanachama 18 walikubali kuisimamisha serikali ya Assad, zikapinga Lebanon, Yemen na Syria yenyewe, Iraq ikajizuia. Desemba 2011 waangalizi wakapelekwa, mara ya kwanza kwa Jumuiya kutuma watu kuhesabu maiti na wafungwa ndani ya nchi mwanachama ambayo serikali yake ingali madarakani. Lakini waliongozwa na jenerali wa Sudan, Mustafa al-Dabi, mtu aliyewahi kuongoza ujasusi wa jeshi wa serikali ya Omar al-Bashir. Walizunguka Homs wakiwa na vizibao vya rangi ya machungwa, wakiandamana na maofisa wa serikali ile ile waliyokuja kuichunguza, na wakaazi wakiwavuta mikono wakaone maiti. Kazi yao ilisimamishwa Januari 28, 2012. Baada ya hapo Kofi Annan, kisha Lakhdar Brahimi, waliteuliwa kuwa wajumbe wa Umoja wa Mataifa na Jumuiya kwa pamoja, na wote wawili waliondoka mikono mitupu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana njia nyingine ya kulipima jambo hili, kwa sababu majirani wetu Somalia na Komoro ni wanachama, wa kwanza tangu mwaka 1974 na wa pili tangu 1993. Somalia sasa iko pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na huko Barawa na visiwa vya Wabajuni kuna watu ambao lugha yao ya mama ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Mogadishu ilipokuwa inawaka moto, Waganda walishuka Machi 2007, Warundi wakafuata mwishoni mwa mwaka, kisha wakaja Wadjibouti, Wakenya na Waethiopia, wote chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na posho zao zikilipwa kwa sehemu kubwa na Umoja wa Ulaya. Mtu wa Kampala au Bujumbura aliyempoteza ndugu yake Mogadishu alikuwa akizika kwa niaba ya mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Komoro hali ilikuwa hiyo hiyo. Machi 2008 Kanali Mohamed Bacar alipong'ang'ania madaraka kisiwani Nzwani, waliovuka maji kumwondoa pamoja na jeshi la Komoro walikuwa Watanzania na Wasudani, Libya ikisaidia usafiri. Libya na Sudan ni wanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, lakini walikwenda kwa jina la Umoja wa Afrika, maana upande ule mwingine hapakuwa na utaratibu wowote wa kwenda.

Tofauti hiyo haikuja kwa bahati mbaya. Sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika, iliyoandikwa baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, inaupa Umoja haki ya kuingilia kati ndani ya nchi mwanachama kunapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu, na inaikataa serikali inayoingia kwa mapinduzi. Jeshi la Misri lilipomwondoa Mohamed Morsi Julai 2013, Umoja wa Afrika uliisimamisha Misri ndani ya siku mbili. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu haikuisimamisha hata saa moja. Sisemi Umoja wa Afrika umefaulu kuitumia haki hiyo, maana Darfur na mashariki mwa Congo ni mashahidi wa kinyume. Nasema kwamba Mwafrika anayeulaumu Umoja wake ana ibara ya kuunyooshea kidole, wakati Mwarabu anayeilaumu Jumuiya yake akiufungua mkataba anakuta Ibara ya 8 inamwambia akae kimya.

Tena ugomvi wa wakubwa huwashukia wadogo. Juni 2017 Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilipoikatia Qatar uhusiano, suluhu ilitafutwa na Kuwait, ikapatikana Al-Ula Januari 2021, Jumuiya ikiwa mtazamaji. Katika muda huo wote Mogadishu ilivutwa huku na huku: serikali kuu ilikataa kuegemea upande wowote, baadhi ya majimbo yake yakatangaza kuwa pamoja na Falme za Kiarabu, na Aprili 2018 Falme zikasitisha mafunzo zilizokuwa zikiwapa askari wa Somalia. Haki inataka niseme pia kwamba Januari 2024, Ethiopia ilipotia saini makubaliano na Somaliland ya kupata njia ya bahari, Jumuiya iliitisha kikao cha dharura na kusimama na Somalia bila kuyumba, na kwa nchi dhaifu kauli ya nchi 22 si kitu cha kudharau. Hata hivyo waliopatanishwa, Mogadishu na Addis Ababa, walipatanishwa Ankara Desemba 2024, mezani kwa Rais Erdoğan.

Dawa gani basi? Inayotajwa zaidi ni kuondoa sharti la kauli moja. Naiona ni dawa iliyokwisha kujaribiwa, kwa sababu mwaka 2005 huko Algiers viongozi walipitisha marekebisho yanayoruhusu masuala mazito kuamuliwa kwa theluthi mbili pale maafikiano yanaposhindikana, na sioni kwamba Yemen, Syria au Sudan zilipata nafuu yoyote kutokana na hesabu hiyo mpya ya kura. Wengine husema ofisi ya Katibu Mkuu itoke mikononi mwa Misri, kwani tangu mwaka 1945 hadi Ahmed Aboul Gheit aliyeanza kazi mwaka 2016 wameteuliwa makatibu wanane, na saba kati yao ni Wamisri. Asiye Mmisri, Klibi, alipatikana tu kwa sababu Misri ilikuwa imesimamishwa mwaka 1979 kwa kufanya amani na Israel, na makao yakahamia Tunis hadi mwaka 1990. Zamu ingekuwa jambo la adabu, lakini Mualgeria au Mkuwaiti akiketi ofisini hapo kesho atakuta droo zile zile hazina kitu.

Ninachokiona mimi kuwa cha lazima ni mahakama, na wazo hili si langu. Ibara ya 19 ya mkataba wa mwaka 1945 inataja kwamba mkataba unaweza kurekebishwa ili, pamoja na mengine, iundwe mahakama ya Kiarabu ya usuluhishi. Miaka 80 imepita. Qatar na Bahrain zilipogombania visiwa vya Hawar zilikwenda The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na kupata hukumu mwaka 2001, na zote mbili ziliikubali, jambo linaloonyesha kwamba serikali za Kiarabu zinaweza kutii jaji pale jaji anapokuwepo. Mwaka 2014 ulipitishwa mkataba wa mahakama ya Kiarabu ya haki za binadamu, ambayo makao yake yangekuwa Bahrain, na haijafungua milango. Najua pingamizi: wafalme na marais ambao hawawavumilii majaji wao wa nyumbani hawatamvumilia jaji wa jirani. Pingamizi hilo lina nguvu. Lakini kesi kati ya nchi na nchi si sawa na kesi ya raia dhidi ya serikali yake, na hata mtawala asiyempenda jaji anaweza kumhitaji anapokuwa yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Machi 4, 2025, viongozi walikutana Cairo na kuupitisha mpango wa Misri wa kuijenga upya Gaza bila kuwahamisha watu wake, mpango wa dola bilioni 53, na ulikuwa msimamo mmoja usio na ufa. Ndani ya wiki hiyo hiyo serikali ya Sudan ilifungua kesi The Hague dhidi ya Falme za Kiarabu, ikizituhumu kuwapa silaha wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, wanaowaua watu wa jamii ya Wamasalit huko Darfur. Falme zilikanusha. Ni wanachama wawili wa Jumuiya moja, na kwa upande wa Sudan ni mwanachama tangu mwaka 1956, lakini Cairo hapakuwa na mlango wa kubisha. The Hague nako, Falme zilipojiunga na Mkataba wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari zilikuwa zimeweka sharti la kutoipa mahakama hiyo mamlaka juu yao, na Mei 5, 2025, kwa kura 9 dhidi ya 7, majaji waliiondoa kesi kwenye orodha bila kuamua nani anasema kweli. Oktoba 26 mwaka huo, baada ya kuzingirwa kwa takriban miezi 18, El Fasher, ngome ya mwisho ya jeshi la Sudan huko Darfur, iliangukia mikononi mwa RSF.